Rangi Ambazo Magesa Hakuziiba

Baba Koku,

Barua zetu za zamani, ulipokuwa masomoni Dar es Salaam, zilianza kwa kuulizana afya. Leo sikuulizi. Huko uliko huumwi, na mimi huku niko mzima, ila nina hasira. Wiki ya tatu sasa naenda nayo sokoni, naenda nayo kanisani, narudi nayo. Na kwa kuwa ni wewe uliyenizoesha kwamba jambo likisemwa lote linaisha, nakuandikia wewe. Sehemu ya hasira hii ni juu yako. Nyingine ni juu ya watu wa Japani. Iliyobaki ni juu yangu mwenyewe, na hiyo nitaifikia, usinikimbize.

Kwanza habari za nyumbani. Koku amechaguliwa kidato cha tano, anachukua fizikia, na ukimwuliza kwa nini anasema damu ya baba yake haiwezi kusoma historia. Maringo hayo hakuyatoa kwetu Usukumani. Kile kiwanda kilichokupunguza kazi wakati wa kubinafsisha kimepata mwenyewe mpya, na mwenyewe mpya amekifunga. Wale waliobaki kazini wakakucheka, sasa wanauza mitumba. Karakana yako hapa Kirumba sijaifunga. Upande wa mbele nimeweka sabuni, madaftari na betri. Nyuma meza yako ya kazi iko kama ulivyoiacha.

Na ile mashine ya gemu ipo. Ilikuwa rafu ya juu, karibu na redio ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Nilikuwa naipangusa vumbi kila Jumamosi, kwa uchungu, kama mtu anayefua shati la marehemu.

Sasa sikiliza. Wiki tatu zilizopita aliingia dukani kijana wa Kijapani, wa wale wanaochimba visima njia ya Magu. Alitaka betri za tochi. Kiswahili anakiweza, tena ananipa shikamoo vizuri kuliko watoto wa mtaa huu. Nikageuka kumchukulia betri, nikasikia anacheka. Nilipotazama, ameinua kichwa, macho yote kwenye ile mashine, anacheka mpaka anajishika tumbo. Akasema, "Mama, hii imefikaje hapa? Hata kwetu hakuna aliyeitaka."

Nilimwuliza kinachochekesha ni nini. Aliacha kucheka, maana sura yangu unaijua. Akaeleza kwa adabu kwamba mdogo wake aliwahi kuwa nayo. Kampuni iliyoitengeneza ilidhani dunia nzima itaipigania, lakini watu wakaichungulia, wakaumwa shingo na kichwa, wakaiacha madukani. Haikumaliza hata mwaka, wakaacha kuitengeneza.

Nikamwuliza swali ambalo wewe ulikufa nalo. Nikasema, bluu na kijani ziko wapi?

Akanitazama kama mtu ambaye hakuelewa Kiswahili. Akasema, "Hazikuwepo, mama. Zote ni nyekundu tu. Ilizaliwa hivyo."

Baba Koku, nilikaa chini kwenye gunia la sabuni.

Nilikwenda nyuma nikaleta kile kitabu cha maelezo ya mashine, kile chenye maandishi yao ambayo Mwanza nzima hakuna aliyeweza kuyasoma, ulichokifunga kwenye nailoni kama cheti cha ubatizo. Kijana akafungua, akaweka kidole kwenye mstari, akanisomea kwa Kiswahili chake: picha itaonekana kwa rangi nyekundu. Imeandikwa, Baba Koku. Ukurasa wa mwanzo kabisa. Ulikuwa nao mkononi mwaka mzima. Nikamwuliza kwa nini watu wenye viwanda vikubwa namna ile watengeneze kitu cha rangi moja. Akasema taa nyekundu zilikuwa rahisi kupatikana na hazili betri sana, za bluu zilikuwa ghali. Basi. Ndiyo sababu yenyewe. Walibana matumizi huko kwao, na huku Kirumba watu wawili waliokula sahani moja wakawa maadui mpaka kaburini.

Sasa nakukumbusha, kwa sababu nataka tuwe tunatazama kitu kimoja.

Magesa aliileta mwenyewe. Friza lake la samaki lilikuwa limekufa, wewe ukalifufua, na badala ya malipo akakupa mashine ya gemu iliyokuja na vyombo vya mitumba kutoka Japani, ndani ya gari ambalo mtu aliliagiza. Alikuwa na furaha ya kukupa. Mjita yule hakujua kutoa kitu kwa mkono mmoja. Ndiye aliyesimama nawe siku ya ndoa yetu, ndiye aliyenipeleka hospitali kujifungua Koku wakati wewe uko kazini. Mashine yenyewe haikufanana na gemu nyingine, zile za kuunganisha kwenye televisheni watu wote wakatazama. Hii ilikuwa na miguu yake miwili, unaiweka mezani, unaingiza uso kwenye matundu ya macho kama unachungulia kisimani, na mchezo uko humo ndani peke yako. Ukasafisha chumba cha pembeni. Ukaandika kibao kwa mkono wako, "Gemu ya Kuingia Ndani," na watu wakaanza kuuliza ni lini.

Ulinipa mimi kwanza. Sijasahau. Ulinishika kisogo, ukaniinamisha taratibu, ukauliza, "Unaona nini?" Nikakwambia naona jiko letu usiku, kuni zimeisha yamebaki makaa. Kulikuwa na mtu mdogo mwekundu anapiga mpira mwekundu, na mpira unanijia usoni kweli, nikarudisha kichwa nikakugonga kidevu. Tulicheka. Mimi niliipenda. Nakwambia leo kwa sababu siku ile hukunipa nafasi, ulikwisha kunja uso. Ukasema, "Nyekundu tu? Hii imekufa rangi."

Hapo ndipo ninyi mafundi mnaponiudhi. Televisheni ndiyo kwanza zimeanza kuingia mjini, na wewe ulikuwa umezisoma kuliko mtu yeyote. Wateja walikuletea televisheni yenye picha nyekundu tupu, unafungua, unasema bluu imekata, kijani imekata, unarekebisha, wanaondoka wanakusifu. Ulikuwa na msemo wako kwa kila aliyekaa kwenye benchi: "Rangi ni tatu, nyekundu, kijani na bluu. Nyingine zote ni watoto wao." Kwa hiyo ulipoona nyekundu tupu hukuuliza kama kitu kinaweza kutengenezwa hivyo. Ulijua. Ukakosa bisibisi ya zile skrubu zake, ukayeyusha kalamu kwa mshumaa, ukaigandamiza juu ya skrubu mpaka ikashika umbo, ukafungua. Nilijivunia siku ile, sikufichi. Ukakuta ndani vioo viwili vidogo vinavyotetema, na kila kimoja kina mstari wa taa nyekundu. Ukatafuta mistari ya kijani. Ukatafuta ya bluu. Ukasema, "Mama Koku, hapa pamenyofolewa."

Na ungewaza nini kingine? Hiyo nakutetea. Nani katika mji huu aliwahi kupokea kitu cha mtumba kikiwa kizima? Gari linashuka bandarini na redio, linafika Mwanza na waya zinaning'inia. Friji inakuja bila mota. Tulishazoea kwamba kila mkono unaokigusa kitu njiani hubaki na kipande. Na mkono wa mwisho kabla ya wako ulikuwa wa Magesa.

Lakini ungemwita ndani, Baba Koku. Ungemwuliza mkiwa wawili.

Ulingoja Jumamosi ya ufunguzi. Watu wamejaa mpaka barabarani, kibao kimening'inizwa, na Magesa mwenyewe amekuja na kreti ya soda begani, shati jeupe, kukupongeza. Ukasimama kwenye ngazi ukasema hakuna ufunguzi, mashine imenyofolewa, siwezi kumtoza mtu kwa kitu kibovu. Kisha ukamnyooshea kidole. "Magesa, nirudishie bluu yangu na kijani yangu." Yeye alicheka kwanza. Alidhani ni utani wenu. Alipoona hucheki, akaweka kreti chini, akaapa kwa mama yake mzazi kwamba hata kuifungua hajui inafunguliwa wapi.

Na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Ndiyo hiyo hasira yangu, nimeifikia. Watu wakageuka kunitazama mimi kwa sababu walijua ninavyomheshimu shemeji yangu. Nikasema kwa sauti ya kusikika, "Mwizi gani aliwahi kukubali?"

Watu walicheka. Jambo likaisha pale pale. Wewe ulitia shaka, mimi nikapiga muhuri.

Unajua yaliyofuata, lakini wewe ulikuwa umeinamia meza, huenda hukuyasikia yote. Watoto wakaanza kumwimbia kila akipita, "Magesa, rudisha rangi!" Wakubwa wakaona ni mzaha mzuri. Jina likamshika: Mwizi wa Rangi. Kule mwaloni, akija kununua samaki, wanawake wanafunika mizani wakicheka, na wengine walikuwa hawachezi. Mtu aliyempa mzigo akaanza kuuhesabu mara mbili mbele yake. Mke wake alivumilia kanisani, akachoka. Haukupita muda wakavuka kwenda kuishi Sengerema. Nyumba yao ya hapa juu kwenye mawe wakaiuza kwa haraka.

Na wewe ukaendelea kutafuta. Uliandika barua Dar es Salaam, uliandika Nairobi, unaomba taa ndogo za bluu na kijani, wakakujibu hawazijui. Watoto walikuja dirishani wakisema, "Fundi, tuchezee hivyo hivyo nyekundu," na wewe unasema hapana, njooni ikipona. Hiyo inanikera kuliko unavyofikiri. Ilikuwa nzima! Siku zote hizo ilikuwa nzima, mezani kwako, inaweza kucheza, na wewe unaiuguza. Wateja wa redio wakaanza kunong'ona kwamba fundi ameshindwa na kitu chake mwenyewe. Uliwasikia, najua, maana uliacha kukaa kwenye benchi la nje. Presha ilipokuangusha, kalamu ile iliyoyeyushwa ilikuwa mfukoni mwako. Lawama ya kifo chako niliipa jina moja tu. Nilisema Magesa amekuua.

Kwa hiyo alipokuja msibani, kabla hatujakusafirisha kwenda kwenu Muleba, nilifanya hili ambalo hukuliona. Alivuka na kivuko cha asubuhi, amevaa suti ile ile ya harusi yetu. Walipoinua jeneza kulipeleka kwenye gari, akasogea kushika upande wa kichwa, mahali pa rafiki. Nikasema asiliguse. Sikunong'ona. Akarudisha mikono nyuma, akasimama pembeni mpaka gari likaondoka.

Sasa niambie nimfanyie nini yule kijana wa Kijapani aliyecheka. Niwafanye nini hao wenye kiwanda? Walikosea, wakafunga hesabu zao, wakatengeneza kingine. Hakuna aliyewaimbia njiani. Hakuna aliyehama mji wake. Hata wateja wao waliokataa kuinunua walisema kile kile ulichosema wewe kwenye ngazi, kwamba kitu cha rangi moja hakijakamilika. Uliijua mashine vizuri kuliko walioitengeneza. Nimelia kwa sababu hiyo pia, kwamba huna habari. Na nina hasira kwamba ukiwa na akili yote hiyo, akili ya kutengeneza bisibisi kwa kalamu, hukuwa na ya kufikiri kwamba mzungu au Mjapani naye anaweza kutengeneza kitu cha ovyo. Kwako kilichotoka kiwandani kwao lazima kilitoka kizima, na kikiwa na upungufu basi mwizi ni mmoja wetu. Hapo uliniudhi, Baba Koku. Na mimi niliyeitikia sina pa kujificha.

Wiki iliyofuata baada ya kijana kunisomea kitabu, nilivuka kwenda Sengerema. Nilimwachia Koku duka. Magesa anauza mabomba na pampu, karibu na stendi, nywele zimekuwa nyeupe zote. Aliponiona alinyanyuka akasema, "Karibu shemeji," kama hakuna kilichopita, na hilo liliniumiza kuliko angenifukuza. Nilikuwa nimebeba kitabu. Nikamweleza yote, Mjapani, mstari wa kitabu, taa za bei rahisi. Nikapiga magoti pale pale kati ya mabomba, nikasema nimekuja kwa niaba yako, Baba Koku, na yangu, nimekuja kumwambia kwamba hakuiba.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaninyanyua. Halafu akasema, bila ukali, "Shemeji, umepanda kivuko kuja kuniambia mimi? Mimi nilijua siku zote kwamba sikuiba."

Alinipa soda, akaulizia masomo ya Koku, akanisindikiza hadi gari la kurudi kivukoni. Hakuniomba chochote. Lakini njia nzima ile niliyarudia maneno yake, kwa sababu ni kweli. Mtu pekee niliyemfuata kumweleza ndiye pekee asiyehitaji kuelezwa. Wanaohitaji wako hapa Kirumba, na wengine walikuwa watoto wakati ule, sasa wameota ndevu na bado wanasimulia kisa cha Mwizi wa Rangi kwa wageni.

Jumamosi hii ni kumbukumbu yako. Misa asubuhi, kisha jumuiya yote wanakuja hapa nyumbani, na majirani, na wateja wako wa zamani. Kaka yako amefika jana kutoka Muleba na hotuba aliyoiandika kurasa nne. Amenisomea. Humo wewe ni fundi ambaye hakuwahi kukosea. Nikamwambia nina neno la kusema baada yake, nikamweleza ni lipi. Alisimama. Akasema marehemu hasemwi vibaya, tena siku yake, tena na mkewe. Akasema nitakuvua nguo mbele ya watu, kwamba jina lako ndilo urithi uliomwachia Koku, na kama nina dhambi yangu nikaungame kwa padri, yatosha.

Nikamwuliza, na aliye hai yeye anasemwa tu? Akabeba hotuba yake akaondoka. Mpaka leo ananuna, chai anakunywa chumbani.

Nami nisikudanganye kwamba hainiumi. Kila nikipita kwenye meza yako naona aibu, kama ninakuibia. Jina la fundi hodari ndilo lililobaki kwako, na mimi ndiye niliyekuwa nalitunza, niligombana na watu kwa ajili yake. Sasa nitasimama mbele ya nyumba yetu, penye ngazi ile ile, niseme kwamba fundi Rwegasira alikosea, kwamba mashine haikunyofolewa, kwamba alimtukana mtu asiye na hatia na mkewe akaongezea. Nitawasomea ule mstari wa kitabu. Yule kijana ameniandikia maana yake kwenye karatasi. Na nitawaomba wote waliocheka siku ile, na najua nani na nani, wainuke na mimi. Tusibebeshwe sisi wawili peke yetu mzigo ambao mtaa mzima uliupokea kwa makofi.

Nimempelekea Magesa ujumbe aje. Sijui kama atakuja. Akija au asije, nitasema.

Nilitaka barua hii iwe ya kukuomba ruhusa. Nimeandika mpaka hapa nimeona siombi. Ungekuwa hai ungebisha siku tatu, siku ya nne ungekwenda mwenyewe Sengerema, bila kuniaga, urudi unajifanya ulikwenda kununua nyaya. Nakujua. Kifo kimekunyima siku ya nne, basi nimekwenda mimi.

Lala, mume wangu. Bado nakupenda, na ubishi wako wote. Ninakuahidi kwamba Jumamosi nitaanza na jina lake, ndipo nitaje lako. Na kama huko uliko jambo hili litakuchoma, usinitumie ndoto za kunitisha. Ningoje tu. Tutagombana nikifika.

Mkeo,
Mama Koku